Kitufe cha Chini

Saa ninayoivaa ina mikono mitano na vitufe viwili, na sijawahi kuivaa nikatoka nyumbani kichwa kikiwa kimeinama. Wapo wanaosema mzee mzima anajivunia chuma. Waseme. Nimewaona watu wakijivunia magari ya mkopo na vyeo vya kupewa na mjomba, sembuse mimi na kitu changu cha halali.

Niieleze kwanza. Uso wake zamani ulikuwa mweupe, sasa umegeuka rangi ya chai iliyotiwa maziwa, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona mistari midogo kama ya kiganja. Ndani ya uso huo mkubwa mna nyuso mbili ndogo, kulia na kushoto, kama mapacha waliobebwa na mama mmoja. Mmoja unahesabu sekunde za kila siku, hausimami. Mwingine unahesabu dakika za ule mkono mrefu mwembamba wa katikati, na mkono huo mrefu ndio wenye mambo. Kwa kawaida umelala juu kabisa, kwenye sifuri, hauna habari na mtu. Bonyeza kitufe cha juu, unaamka na kuanza kuzunguka. Bonyeza tena, unasimama. Mpaka hapo hakuna ajabu, saa zote za kupimia hufanya hivyo.

Ajabu iko chini. Kwenye saa nyingine, mkono ukiwa mbioni, kitufe cha chini kimefungwa, hata ukikibonyeza mpaka ukucha ubabuke. Lazima usimamishe, urudishe, halafu uanzishe upya. Yangu unaigusa cha chini mara moja tu, mkono ukiwa katikati ya mbio, nao unaruka hadi sifuri na kuanza safari mpya hapo hapo bila kuvuta pumzi. Fundi saa aliniambia zilibuniwa kwa ajili ya marubani wa zamani, waliopima safari yao kipande kwa kipande angani na hawakuwa na nafasi ya kuchezea vitufe.

Kiwandani kwetu hakukuwa na rubani. Kulikuwa na Kidole.

Kilikuwa kiwanda cha mashati. Mimi nilikata vitambaa, mke wangu alishona kola, na alizishona hata wenzake wakamwita Mama Kola na jina likamganda. Kidole alikuwa mpima kazi. Jina alikuwa nalo, ila sisi tulimwita hivyo kwa sababu ya kidole gumba chake, kilichokaa juu ya vitufe vya saa hii kutwa nzima kama kunguru juu ya paa. Alisimama nyuma ya akina mama, kola moja baada ya nyingine, na kila kola alikuwa anagusa kitufe.

Kabla yake alikuwepo mpimaji mwenye saa ya kawaida. Huyo, kila alipomaliza kupima kola moja, ilimbidi asimamishe, arudishe, aanze tena. Katika upenyo huo akina mama walinyoosha migongo. Ulikuwa upenyo mdogo, lakini aliyeinamia cherehani tangu asubuhi haudharau. Saa ya Kidole ikauziba.

Na hilo si baya lake kubwa. Uzi ukikatika, Kidole anagusa cha chini. Sindano ikivunjika, anagusa cha chini. Kitambaa kikija kimepinda kutoka kwetu wakataji, anagusa cha chini. Duru ile imefutika, haikuwahi kuwapo. Sauti yake ndogo, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti mfukoni. Kisha kiwango cha siku nzima kikapangwa kwa zile kola tamu tamu peke yake, kola za dunia ambayo sindano haivunjiki. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa saa haina chuki na mtu. Namkumbuka aliyesema. Nakumbuka tai aliyovaa, na kwamba alikuwa anatafuna huku anasema.

Mimi sikusoma sana. Nilichokijua nilikijua kwa magazeti ya kufungia mizigo na kwa kuuliza bila aibu. Lakini mdomo nilipewa, na kuanzia siku ile niliutumia, ndiyo sababu wakaniita Kiberiti. Tuligoma, tukarudi, tukagoma tena. Mwishowe kiwanda kilifungwa na wenyewe wakahamia kwenye faida nyingine, na mali iliyobaki ikapigwa mnada uani. Mizani, taipureta, viti vya magurudumu bila magurudumu. Ndani ya kisanduku cha vibanio vya karatasi niliiona saa, imesimama, mkanda umekatika. Kumbe haikuwa ya Kidole, ilikuwa ya kiwanda. Hakuna aliyeitaka ila mimi, nikainunua kwa sarafu chache. Niliondoka nayo uani mchana kweupe, nimeishika juu kama kombe.

Fundi saa ana kibanda kisichozidi upana wa mlango. Aliifungua mgongo, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mzee, umeitoa wapi?"

"Vitani."

"Njoo utazame, basi. Usipumue juu yake."

Nilichungulia. Kulikuwa na gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama kwa duara, kama ukumbi wa mfalme wa sisimizi, na juu yake vyuma vyembamba vilivyokunjwa kama vidole vya mcheza ngoma. Alibonyeza cha chini kwa ncha ya kibano. Nguzo hazikutikisika. Kichuma kimoja kilishuka kama nyundo, kikapiga, kikarudi, na magurudumu yakaendelea kana kwamba hayakuguswa.

"Hiki," akasema, "mtu alikitafakari. Siku hizi hawahangaiki hivi. Nikung'arishie na kasha? Nikupakie uso upya? Itakuwa mpya, mzee."

"Ukiigusa kwa rangi nitakupiga kwa kiti chako."

Akacheka. Hakujua kwamba simtanii. Ubavuni mwa kasha pana mkwaruzo mrefu, pale Kidole alipokuwa akiegemea ukingo wa meza za cherehani, siku baada ya siku. Ule ni ushahidi. Ushahidi haung'arishwi.

Nyumbani nilipokelewa kwa mdomo uliopinda.

"Hiyo saa imenihesabia pumzi miaka," mke wangu akasema, "leo unailaza chumbani kwangu?"

"Imeacha kazi kule, mama. Sasa iko upande wetu."

"Imekuambia yenyewe?"

Niliivaa tu. Kila asubuhi naitia ufunguo kabla sijanawa uso, polepole, mpaka nahisi springi inasema basi. Haina betri, haina mtu inayemtegemea ila mimi. Watu wakiniuliza saa, nawapa na maelezo yake. Wengine wameacha kuniuliza.

Sasa nije kwenye jumba.

Kiwanda kilipofungwa, sisi wanachama wa chama cha wafanyakazi hatukutawanyika kama walivyotarajia. Tulijenga jumba letu. Kila mtu alileta tofali, na asiyekuwa na tofali alileta mgongo. Tukaingiza cherehani, na mpaka leo akina mama wanashona sare za shule mle ndani na kujilisha. Cherehani ya mke wangu iko dirishani, mahali pa mwanga, na hakuna anayekaa pale hata yeye akiwa mgonjwa.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwenzetu kabisa. Tumelala naye rumande, tumegawana blanketi. Kisha akapata suti, na suti ikampata. Mwaka huu akaja na habari kwamba kuna mfanyabiashara wa maghala, mtu mwema sana, anayetaka kulinunua jumba, na atatuachia chumba kimoja cha nyuma. Chumba hicho nakijua. Kinatosha ufagio na mwenye kuushika.

Kura ingemshinda, na alijua. Ila Mwenyekiti alikuwa na silaha moja: kusema. Alianza na historia, akapita kwenye shukrani, akarudi kwenye historia aliyoisahau, na huku akina mama wanakumbuka watoto na wenye zamu wanakumbuka zamu, mmoja anatoka, wawili wanatoka, mpaka ukumbi umebaki na yeye na jamaa zake. Mikutano yetu haikuwa inakufa kwa kura, ilikuwa inakufa kwa njaa. Na mara hii akisha kusalia na watu wake, wangepitisha wenyewe.

Tukapigania kanuni. Kila msemaji apewe mizunguko mitatu ya mkono wa sekunde, yaani dakika tatu, kisha akae, awe nani awe nani. Na awepo mshika saa. Mshika saa haongei, hachangii, hapigi kura, ili asiwepo wa kusema anapendelea. Mwenyekiti alipinga, akapinga, halafu ghafla akakubali. Akasimama na uso wa asali.

"Ndugu zangu, mimi nakubali. Lakini tusitumie simu hizi zinazoita katikati ya mambo ya maana. Kati yetu ni nani mwenye saa ya kupimia ya kweli? Saa yenye historia? Ni mzee wetu Kiberiti. Saa yake inajulikana mji mzima. Napendekeza yeye."

Watu wakapiga makofi. Nami nikasimama, Mungu anisamehe, nikainua mkono ili hata wa nyuma waione.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Mke wangu alikuwa anapiga pasi.

"Nimechaguliwa mshika saa," nikamwambia. "Kwa kauli moja."

Pasi ikasimama. "Na ukakubali?"

"Ni heshima."

"Ni kizibo. Upande wetu mdomo mkubwa kuliko yote ni wa nani?"

"Wangu," nikasema, bado kwa majivuno.

"Na mshika saa kwenye mkutano anasema nini?"

Hapo ndipo nilipoisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, maana pasi ilikuwa bado pale pale. Nilikuwa nimevikwa kilemba cha ukoka, tena nimeinamisha kichwa mwenyewe wakinifunga. Mtu aliyegawana nami blanketi alijua pa kunishika. Hakunishika kwa woga wala kwa tamaa. Alinishika kwa saa.

"Nitajiuzulu," nikasema.

"Ujiuzulu waseme umeogopa kanuni uliyoidai wewe?" Akaitupa ile nguo pembeni. "Basi nitasema mimi."

Sikumjibu upesi, na hilo hajanisamehe. Mke wangu mezani husema, jikoni husema, lakini mkutanoni hajawahi kufungua kinywa. Jioni zile alijizoeza huku akikunja nguo, nami nikimpima. Kila mara alipitiliza.

"Fupisha, mama."

"Wewe ulifupisha lini?"

Siku yenyewe cherehani zilisukumwa ukutani, zikafunikwa vitambaa, mabenchi yakajaa hadi mlangoni. Niliwekwa juu ya kigoda katikati, pembeni ya meza. Niliivua saa, nikaishika kiganjani, kidole gumba juu ya vitufe. Msemaji wa kwanza akasimama, nikabonyeza cha juu. Alipomaliza na wa pili akaanza, niligusa cha chini, mkono ukaruka, ukaanza. Hapakuwa na upenyo wa mtu kuingiza kikohozi. Msemaji baada ya msemaji, saa ilitembea kama mama wa nyumbani anayepakua kwa watoto wengi, sahani hii, sahani hii, hakuna aliyepewa chenga za sufuria. Nitasema ukweli: nilifurahi. Hata nikiwa nimezibwa mdomo, nilifurahi kuiona inafanya kazi iliyozaliwa kuifanya, na bila kumwibia mtu.

Kisha akasimama Mama Kola.

Alianza chini mno, watu wakasogea mbele. Alisimulia jumba lilivyojengwa, nani alichanganya udongo na homa mwilini. Alitaja kila cherehani na aliyeko nyuma yake na wanaokula kwa ajili yake. Sauti ikapanda taratibu, bila pupa. Sijawahi kusikia mtu akisema vile, nami nimesikia wengi, na wengi wao ni mimi. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili. Watu waliokaa upande wa Mwenyekiti wakaacha kunong'ona.

Mkono ukawa unapanda mzunguko wa mwisho, na nilijua alikuwa hajafika. Kile alichokuwa anakipandia mlima kilikuwa bado mbele. Na kidole gumba changu kilikuwa kimekaa juu ya kitufe cha chini.

Mguso mmoja tu, na mkono ungeruka hadi sifuri. Nani angejua? Sauti ya njiti ya kiberiti katika ukumbi uliojaa. Mizunguko mitatu mingine, jumba limepona, na mimi nimemshinda yule mwenye suti kwa ujanja wake mwenyewe. Nilifikiri akina mama hawa wameibiwa duru ngapi kwa kitufe hiki hiki. Nilijiambia ni kulipa tu.

Nikainua macho. Mke wangu hakuwa anatazama watu, wala hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama kidole changu, kwa jicho lile lile la kiwandani, la mtu anayeshona bila kugeuka lakini anajua nyuma yake kinafanyika nini.

Nikaondoa kidole.

"Na yule aliyeweka tofali la kwanza hapa," alikuwa anasema, "ambaye leo hii amekaa mbele yetu na..."

"Muda," nikasema.

Kaka yake Mama Kola akasimama kwenye benchi la nyuma. "Shemeji, muache amalize."

"Muda umekwisha."

"Shemeji, huyo ni mkeo."

"Ni msemaji."

Mke wangu alisimama pale kidogo, midomo bado imelishika lile neno. Kisha akakusanya gauni lake akakaa. Maneno yake yalibaki hewani, yamekatika kama uzi.

Makofi yakatoka upande wa Mwenyekiti. Yeye mwenyewe aliinuka nusu, anatabasamu. "Ndugu zangu, hiyo ndiyo nidhamu. Nimesema siku zote, mzee huyu ni mtu wa haki. Hakuna mkubwa mbele ya saa."

Ikawa zamu yake, ya mwisho. Alijifunga kifungo cha koti, akaanza na historia. Kutoka historia akaenda kwenye shukrani. Niliona kina mama wawili karibu na mlango wanatazamana, mmoja anaokota kanga yake begani, na Mwenyekiti akawaona, akapunguza mwendo kama dereva aliyefika nyumbani. Akarudi kwenye historia.

"Muda," nikasema.

"Namalizia."

"Muda."

"Mzee, mimi ni Mwenyekiti. Nina majumuisho. Kanuni ni ya wachangiaji, mimi sichangii, mimi naongoza." Akageukia ukumbi, akafungua mikono. "Kama nilivyokuwa nasema, mwaka ule..."

Sikuwa na la kufanya. Mshika saa ana neno moja, na nilikuwa nimelisema mara mbili. Maneno mengine yote yalinijaa kooni, miaka mizima ya maneno, nikayameza na mate.

Aliyesimama alikuwa mpiga pasi wa zamani, mtu wa Mwenyekiti tangu awali, aliyekaa naye benchi moja. Alisimama kwa shida, magoti yake mabaya, wala hakupaza sauti.

"Mwenyekiti," akasema, "mkewe alikaa."

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Kaka, hilo ni jambo jingine..."

"Mkewe alikaa, nawe ukapiga makofi. Nimekuona. Nami nilipiga." Akaketi.

Basi ukaanza, si kelele, ni mngurumo tu, kutoka upande wetu na kutoka upande wake: kaa, Mwenyekiti, kaa. Kama watu wanaomwambia mgonjwa. Alitazama mbele, akatazama pembeni, akawatafuta wale wanaomtolea macho ya kumtia moyo, wakawa wanatazama viatu. Akakaa. Historia yake iliishia mwaka ambao kiwanda hakijafungwa bado.

Kura yetu ni ya miguu. Wanaotaka jumba litolewe wasimame mlangoni, wanaotaka libaki wasimame upande wa cherehani. Mimi nilibaki juu ya kigoda changu, sina upande, kanuni ni kanuni. Nikawaona wanapita kulia na kushoto kwangu kama maji yanavyolipita jiwe. Mlangoni walisimama jamaa zake wa damu na mtu mmoja aliyekuwa anatoka tu kwenda zamu. Upande wa cherehani walibanana mpaka wengine wakakaa juu ya meza. Mpiga pasi alikuwa huko, ameshikilia ukingo wa cherehani kwa ajili ya magoti yake. Sikuhesabu. Haikuhitaji kuhesabiwa.

Mwenyekiti alitangaza mwenyewe, na nampa hilo: alitangaza vizuri, hakuuma maneno. Mkutano ukafungwa.

Watu wakamzunguka mke wangu. Walitaka kujua mwisho wa yale maneno. Huyo aliyeweka tofali la kwanza, kafanya nini?

"Muulizeni mshika saa," akawajibu.

Nikamwendea. Nilikuwa nimevaa saa tena, na nilijua uso wangu unang'aa kuliko inavyofaa kwa mume aliyemkata mkewe hadharani.

"Mama, ulikuwa unataka kusema nini pale?"

"Jambo zuri sana."

"Liseme basi."

"Muda umekwisha," akasema, na kunipita. Lakini aliponipita alinigonga bega kwa bega lake, makusudi, na mimi nikayumba, na kaka yake akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mkutano umefungwa, na mshika saa sasa ni mtu kama watu wengine. Niliruhusiwa kusema. Nilikuwa nayo yote tayari: Kidole, yule wa tai aliyekuwa anatafuna, blanketi la rumande, suti, chumba cha ufagio. Nikapanda juu ya kigoda. Nikainua mkono wenye saa.

"Ndugu zangu," nikaanza.

Mke wangu alikuwa amefika dirishani. Alivuta kitambaa, akapuliza vumbi, akatia uzi, kwa sababu kulikuwa na sare zinazongojwa na siku nzima ilikuwa imeliwa na maneno. Cherehani yake ikanguruma. Jirani yake akavuta kitambaa chake. Kisha mwingine, na mwingine, ukuta mzima, mpaka jumba lote likatetemeka na vioo vikaanza kuimba kwenye fremu zake, na hakuna aliyekuwa ananisikia hata aliyesimama chini ya kigoda.

Nikasema hata hivyo. Nilisema vizuri mno.